Pua Yangu na Pipa la Saba

Vijana wangu wa chama cha wapenzi wa bia zinazopikwa kwa mikono, salaam. Mmeniomba niwaandikie kurasa chache za jarida lenu juu ya kazi yangu, na mwenyekiti wenu akasisitiza niandike kama mtaalamu wa bia. Nilicheka mpaka mke wangu, Bi Zena, akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Nimetengeneza kimea kwa miaka thelathini na sita hapa Mwembesongo. Kimea changu kimeingia kwenye mapipa ya wapikaji ambao siwezi hata kuwahesabu, na pombe yenyewe sijawahi kuinywa hata kijiko kimoja. Mimi ni Mwislamu wa Kinole, milimani huko. Yapo mengi nitakayoulizwa mbele ya Mungu, lakini hilo la kunywa halimo.

Kwa yule mwanachama mpya ambaye anajua kunywa tu, kimea ni nafaka iliyolowekwa, ikachipua, kisha ikakaushwa. Ndicho kinachougeuza uji kuwa mtamu, na utamu huo ndio unaogeuka kilevi. Mnabishana usiku na mchana kuhusu majani machungu ya kutoka Ulaya na hamira ya kutoka sijui wapi, na aliyelowesha mtama hamumtaji. Sina kinyongo. Nataja tu.

Najua mnachotaka kusoma ni habari ya Pipa la Saba. Mtaipata. Nami nina ninachokitaka kwenu, nacho ni zile chupa za Pipa la Saba ambazo bado mmezificha uvunguni. Nazitaka zote, na nikimaliza kueleza mtajua kwa nini.

Lakini tuanze na togwa, maana biashara yangu yote ilisimama juu ya togwa.

Mjomba wangu, ndugu wa mama yangu, ndiye aliyenifundisha kulowesha na kuanika, na sharti lake lilikuwa moja: mteja asiulizwe anakwenda kupika nini. Mteja mwenyewe alikuwa na wajibu wa kusema, "Mzee, naomba kimea cha togwa." Togwa ni kinywaji cha watoto, wagonjwa na watu wa futari, hakina ubaya wowote. Basi akija mama mmoja na mkokoteni akataka magunia matatu ya kimea cha togwa, mimi namuuliza, "Watoto hawajambo?" naye anajibu, "Hawajambo, Mzee, wana kiu tu." Siku moja shehe wa mtaa alipita tukiwa tunapakia. Akatazama magunia, akatutazama sisi, akasema, "Mashallah, mtaa huu unapenda togwa," akaendelea na safari yake bila hata kutabasamu.

Adabu hiyo ilikuwa nzuri, ila ilikuwa na hatari zake. Mteja wangu mkubwa aliitwa Mama Skola, mwenye kilabu cha pombe karibu na soko. Kwa miaka kumi alichukua kwangu kimea cha togwa, na jina likaenea kwamba hakuna mwenye togwa kama yake. Ramadhani moja akahamia jirani mgeni, mwalimu mstaarabu kutoka Lindi, asiyejua mambo yetu. Akamfuata Mama Skola kwa heshima zote, akaagiza ndoo mbili za togwa ya futari kwa ajili ya wageni wake. Mama Skola alikubali, maana angesema nini? Kisha akaja kwangu mbio, kanga mkononi.

"Mzee, nisaidie. Togwa inapikwaje?"

"Si unapika miaka yote?"

"Usinitanie, watu watafuturu saa kumi na mbili na nusu!"

Bi Zena ndiye aliyeipika, mimi nikaibeba.

Mama Skola nimemtaja kwa utani, lakini yeye ndiye mwalimu wangu wa kweli. Mjomba alinifundisha mikono, yeye akanifundisha aibu. Mwaka wangu wa kwanza niliacha nafaka imefunikwa majani ya migomba nikaenda harusini Matombo. Nikakaa siku mbili zaidi ya nilivyopanga. Niliporudi mizizi ilikuwa mirefu kama vidole vya mtoto na utamu wote umeliwa na machipukizi. Nikaanika, nikaisugua mizizi yote ikatoka, kimea kikaonekana safi, nikampelekea. Nilijiona mjanja sana.

Alipika. Siku ya kuuza akaniita. Akaweka kigoda pembeni ya pipa, akanipa soda, akasema, "Kaa hapo." Kila mteja aliyekunja uso baada ya kuonja, Mama Skola alimnyooshea kidole kunielekea. "Usiniambie mimi. Mwambie huyu." Fundi uashi akaniambia pombe ya leo imelala. Mbeba mizigo wa stendi akasema hayo ni maji ya kuoshea vyombo. Bibi mmoja mzee alinitazama tu, akaweka kata chini taratibu, akaondoka na kiu yake. Tangu adhuhuri hadi alasiri nilikaa pale natafuna maneno ya watu. Jua lilipoanza kushuka Mama Skola akaniondolea kigoda.

"Sasa na wewe umeionja," akasema. "Nenda nyumbani."

Ninyi mnadhani ndio wa kwanza kubishana kuhusu mitindo. Nawaambia, katika kilabu kile nimesikia mjadala uliowatoa watu machozi, kisa kama pombe ya mtama iwe nzito au nyepesi. Madereva waliolala Dumila walitaka nzito, ya kushika tumbo mpaka Dodoma. Watu wa Gairo walisema mahindi ni ya ugali na pombe ni mtama, basi, hakuna la zaidi. Palikuwa na fundi cherehani aliyeapa kwamba pombe ya Jumanne ni bora kuliko ya Ijumaa, ingawa ilitoka pipa lilelile, na alikuwa na wafuasi. Kangara ya asali ilipopatikana, mara moja au mbili kwa mwaka, watu walitumana kimyakimya kama wanaitana kwenye mazishi. Kitu pekee mlichoongeza ninyi ni glasi yenye mdomo mwembamba.

Sasa kuhusu kazi yenyewe, andikeni haya. Nafaka ya mwaka jana huchipua nusu nusu, hivyo tafuna punje kabla ya kununua; ikivunjika kwa sauti, chukua. Badilisha maji asubuhi na jioni. Usiwe mvivu wa kugeuza, maana katikati ya lundo huwa na joto na pembeni huwa na baridi, na punje hazingojani. Lakini yote hayo ni macho na mikono. Kimea hutengenezwa na pua. Siku ya pili, nafaka ikikubali, hunukia tango lililokatwa sasa hivi. Ukisikia tango, geuza. Siku ya kuanika, ikianza kukauka, hunukia karanga zinazokaangwa nyumba ya tatu. Ukisikia karanga, usiondoke, maana kesho yake ni ya kuweka guniani. Na ikinuka kama kanga iliyokunjwa kabla haijakauka, usijadiliane nayo. Mwaga yote, usiwape hata kuku.

Kwa pua hiyo nilipata jina. Watu wa hapa hawaniiti jina langu, wananiita Mzee Pua. Waliniletea mchele ninuse kama ni mpya, wakaniletea samli, wakaniletea hata shati la mume aliyedai alikuwa kazini. La shati nililikataa.

Miaka mitatu iliyopita nikapata mafua makali. Nilipona kila kitu isipokuwa pua. Mwanzoni nilidhani ni makamasi yaliyobaki. Kisha siku moja nilikuwa nimekaa barazani nasikiliza redio, sufuria ya maharage iko jikoni hatua nne kutoka nilipo, Bi Zena ameenda sokoni. Maharage yaliungua mpaka yakawa mkaa. Majirani wa nyumba mbili walikuja mbio wakidhani nyumba inawaka. Mimi niliyekuwa karibu kuliko wote niliwauliza, "Kwema?"

Nikasema nilikuwa nimezama kwenye taarifa ya habari. Wakaamini. Niliogopa, vijana. Sitaki kuipamba. Mtu anayeitwa Mzee Pua akisema hana pua, kesho ataitwa nani? Nikajitia hamnazo, nikaendelea na kazi kwa kuhesabu siku na kupapasa kwa mkono. Nikiletewa mchele nilivuta pumzi, nikafumba macho, nikasema chochote. Nusu ya wakati nilipatia.

Katika hali hiyo ndipo Neema alipobisha hodi. Neema ni binti wa Gairo, amesomea mambo ya chakula chuoni, na alikuwa ameacha ajira nzuri kiwandani afungue kiwanda chake kidogo nyuma ya gereji, barabara ya Dodoma. Alinisalimu vizuri, "Shikamoo Mzee," nikaitikia, kisha akasema bila kumung'unya, "Naomba kimea cha bia."

Nikageuka kuangalia kama shehe yupo. Katika miaka yote hiyo hakuna mteja aliyewahi kulitamka neno hilo uani kwangu. Nikamuuliza, "Una maana togwa?"

"Hapana, Mzee, bia. Togwa nawaambia wazazi."

Na kweli, mpaka leo wazazi wake wanajua binti yao anatengeneza togwa ya chupa. Tulielewana hapo hapo. Mapipa yake sita ya kwanza yalitoka vizuri, watu wa hapa mjini wakazipenda bia zake, na ninyi mkaanza kuja kutoka Dar na glasi zenu kwenye masanduku yenye sponji.

Masika ile, mawingu yalikaa juu ya milima siku tisa. Mtu wa Morogoro anajua maana yake. Nilianika nikaanua, nikaanika nikaanua. Zamani ningenusa kila saa. Safari hii nilipapasa, juu nikasikia kukavu, nikajaza magunia matatu na nusu nikayapanga stoo. Gunia moja nikampa Neema. Akapika pipa lake la saba.

Hapo ndipo mlipopata wazimu.

Mwenyekiti wenu, Daktari Deo, mwalimu wa hesabu na mtu mwema, hunusa glasi kama mama anayekagua kama mtoto ameoga. Nilisomewa alichoandika kuhusu Pipa la Saba. Mwanzo kuna msitu baada ya mvua. Katikati kuna ngozi ya kiatu cha zamani. Mwisho inabaki stoo ya babu. Akaipa tisa kwa kumi, na akaeleza kwamba ile moja ameizuia kwa sababu za kitaaluma. Siku ileile wengine wakasikia uyoga, mmoja akasikia vitabu. Chupa zikaisha ndani ya wiki. Mkaanza kubadilishana chupa nne za bia nyingine kwa moja ya Saba. Mmoja wenu, jina nalihifadhi, alisikia kuna chupa Dumila, akaendesha gari mpaka huko, akaikuta kwa muuza chipsi ikiwa na nembo yake kamili na imejaa mafuta ya alizeti. Akainunua. Muuza chipsi akamuuliza kama anataka na mafuta.

Mkaja nyumbani kwangu kumwona aliyetengeneza kimea. Mlikaa kwenye mkeka wangu mkiniangalia kama nimetoka hija. Mkauliza siri ni nini. Nikasema ni maji ya mlimani. Maji yangu ni ya bomba. Nilivimba kichwa, nakiri, nilivimba kiasi cha kutoingia mlangoni. Nilijiambia kumbe pua haikuwa na kazi yoyote, kumbe ni mimi mwenyewe ndiye mwenye kipaji.

Neema akaomba magunia mawili zaidi ya kimea kilekile, nikampa. Akapika Saba ya pili, pipa kubwa kuliko yote, akatangaza siku ya kuonja, Jumamosi. Angekuja pia mama mmoja anayepelekea vinywaji mahoteli makubwa. Akiipenda, kile kiwanda cha nyuma ya gereji kingekuwa kiwanda kweli. Asipoipenda, Neema angerudi kuomba ajira aliyoiacha. Nyumbani kwangu likabaki nusu gunia.

Jumatano, Bi Zena aliingia stoo kutafuta ungo. Nikamsikia ananyamaza, na mke wangu si mtu wa kunyamaza. Nikamfuata. Alikuwa amesimama mbele ya lile nusu gunia, pindo la kanga puani.

"Baba Hadija, hiki ni nini?"

"Kimea."

"Kimea gani kinanuka hivi? Kimeota kuvu hiki."

Nikaingiza mkono mpaka chini. Juu kilikuwa kikavu. Chini kilishikana mabonge mabonge. Nikapeleka konzi puani, nikavuta, nikavuta tena. Hakuna kitu. Ilikuwa kama nimeshika mchanga. Bi Zena akanitazama, wala hakuwa na hasira.

"Tangu maharage yaungue," akasema.

"Ulijua?"

"Nimelala kitanda kimoja na wewe miaka arobaini. Nilikuwa nangoja uniambie."

Nilikaa juu ya gunia nikalia. Nililia kwa aibu, na kwa pua yangu, na kwa sababu mtu alinijua muda wote huo akanisitiri. Halafu nikakumbuka pipa la Neema, machozi yakakata yenyewe.

Maana kuvu la nafaka si harufu tu. Wakulima wa mahindi na karanga kule Gairo wanaambiwa kila msimu na bwana shamba kuhusu sumukuvu: huioni kwa macho, haitoki kwa kuchemsha, inakaa kwenye maini ya mtu inangoja. Watu walikuwa wamekunywa Saba ya kwanza kwa glasi zenye mdomo mwembamba. Jumamosi wangekunywa ya pili, na baada ya hapo hoteli nzima nzima.

Alhamisi asubuhi nilikwenda nyuma ya gereji, Bi Zena pembeni yangu, nusu gunia kwenye bajaji. Neema alikuwa anaosha mabomba, anaimba. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa nitapunguza. Alizima bomba.

"Mzee, ulijua?"

"Habari ya kimea sikujua. Habari ya pua nilijua."

Nilitegemea anitukane, na angekuwa na haki. Badala yake akakaa kwenye kreti.

"Mimi nilisikia," akasema. "Siku ya kwanza nilipofungua gunia nilisikia harufu mbaya, na mimi nimesomea haya mambo. Nikasema, Mzee Pua amekipitisha, mimi ni nani wa kusema kibaya? Nikakisaga."

Nimesikia maneno mengi mazito maishani, lakini hayo yaliniuma kuliko mchana wote ule kwenye kigoda cha Mama Skola. Binti alikuwa na pua nzima, yenye shahada, na jina langu ndilo lililoiziba.

Akachukua kimea kidogo apeleke kupimwa chuoni. Nikamwambia basi asubiri majibu kabla hajaamua. Akasema majibu yatatoka wiki ijayo na wageni wanakuja keshokutwa, na hatamwekea mtu mezani kitu ambacho yeye mwenyewe hawezi kumpa mama yake. Aliniomba jambo moja tu, kwamba Jumamosi niseme mimi, kwa mdomo wangu.

Wengi wenu mlikuwepo, lakini kila mmoja amesimulia lake, kwa hiyo nasimulia langu. Nilisimama mbele ya pipa. Nikasema mimi ndiye niliyetengeneza kimea, sina pua tangu miaka mitatu, na msitu wenu, na kiatu chenu, na stoo ya babu yenu, yote ni kuvu la masika. Nilitegemea kelele. Mkapiga makofi.

Mkapiga makofi! Kijana mmoja mwenye ndevu akasema, "Unyenyekevu wa wazee hawa ni noma." Mwingine akasema Ulaya kuna watu wanaacha pipa wazi makusudi vijidudu viingie, hivyo mimi nimefika kulekule kwa njia ya asili. Mmoja akauliza kuvu hilo linaitwaje kitaalamu, akaandike. Daktari Deo akasimama akasema kwa sauti ya mkutano kwamba chama kinaheshimu uamuzi wa fundi kulinda siri yake. Nimeishi miaka sabini na moja, na sikujua kwamba ukweli unaweza kukataliwa kwa heshima kiasi kile.

Neema hakubishana. Alikwenda akafungua bomba la chini la pipa, bia ikaanza kukimbilia mtaroni. Mkaacha kupiga makofi. Mkatoa simu. Na mmoja wenu, ambaye sitamtaja kwa sababu mama yake ananunua mchicha kwetu, akachutama akakinga glasi.

Bi Zena alikuwa hajawahi kukanyaga penye watu wanaokunywa pombe tangu azaliwe. Alivuka ule umati na baibui lake, akasimama mbele ya yule kijana.

"Kunywa, mwanangu," akamwambia kwa upole. "Lakini kwanza niambie nani atakuuguza, ili nimpelekee taarifa mapema."

Kijana akamwaga. Yule mama wa mahoteli alitazama mpaka tone la mwisho, akamshika Neema bega, akasema ana safari, akaondoka. Hajarudi. Neema aliosha pipa peke yake jioni ile, akatukataza tusimsaidie, na sikumlaumu.

Majibu ya chuoni yalikuja. Kimea hakikufaa kwa mtu wala mfugo. Mpaka leo hatujasikia aliyeugua kwa Saba ya kwanza, alhamdulillahi, na mliokunywa nyingi nendeni mkapimwe, msione haya.

Neema hakurudi kuomba ile ajira ya kiwandani. Anapika bado, mapipa madogo, na kimea analowesha mwenyewe. Mara mbili kwa wiki Bi Zena hupanda bajaji kwenda kukinusa. Hataki kulipwa, anataka tu isisemwe kwamba anafanya kazi kwenye bia. Tumekubaliana ni togwa. Mimi nimeacha kazi. Wanaoniita Mzee Pua wanaendelea kuniita hivyo, na kila mara nawakumbusha kwamba haipo, nao wanacheka.

Tabu iliyobaki ni ninyi. Tangu pipa lile limwagwe, Saba imekuwa adimu zaidi, na kwa akili zenu kitu kikiwa adimu ndipo kinapozidi kuwa kitamu. Nasikia sasa ni chupa kumi kwa moja. Nasikia kuna mtu Dodoma ameiwekea kabati lenye taa. Neema ametangaza kwamba yeyote atakayeleta Saba nzima atapewa bia mbili mpya, na kwa miezi kadhaa hakuna aliyekuja.

Wiki iliyopita alikuja mmoja. Ni Daktari Deo mwenyewe, mchana, na chupa imezungushiwa gazeti. Akakaa barazani. Akaifungua, akanipa ninuse kwanza, kwa heshima. Nikaipeleka puani kwa mazoea. Kimya kitupu. Nikamrudishia.

"Mimi sisikii, Daktari. Wewe unasikia. Niambie."

Hakutoa daftari. Alinusa, akanusa tena.

"Kuvu," akasema. Akaitazama ile chupa. "Hata siku ile ya kwanza nilisikia kuvu, Mzee. Nikaangalia pembeni, wote wanaandika. Na mimi nikaandika."

Akainuka akaimimina mwenyewe kwenye mfereji wa nyuma ya nyumba, akasuuza na chupa. Kwa hesabu ya Neema zimebaki kumi na moja. Nipo nyumbani kila siku baada ya adhuhuri.